Barua ya Mnyonge Isizikwe Kabatini

Mfanyakazi ye yote wa Mpanda, awe wa reli au wa mgodini, na hata mkulima wa tumbaku, ajua jambo hili bila kufundishwa na mtu: barua ya malalamiko ina safari mbili. Safari ya kwanza ni ya kwenda. Ya pili ni ya kurudi jibu. Mtu akiandika asijibiwe, hali yake huwa mbaya kuliko ya mwenzake aliyenyamaza. Aliyenyamaza bado ana siri yake. Aliyeandika amekwisha kujitaja jina, wala hajui barua yake iko mezani kwa nani, imesomwa na nani, au imetiwa kabatini na kufungiwa.

Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya barua za namna hiyo ambazo huenda mbali sana: Geneva, New York, Banjul, na hata Arusha hapa kwetu. Ni barua za watu walio wachache katika nchi zao. Watu wa kabila dogo, wa dini ndogo, wakimbizi, au wafugaji na wawindaji waliohamishwa katika ardhi ya baba zao. Wakiisha kubisha hodi katika kila ofisi ya nchi yao bila kusikilizwa, huyageukia mabaraza ya mataifa. Swali letu ni moja. Je, mtu huyu ana haki ya kujua barua yake ilifanyiwa nini? Sisi twasema anayo, tena ni haki ya kwanza, maana bila hiyo haki nyingine zote alizoahidiwa na mabaraza hayo ni maneno matupu.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya Geneva yatuhusu nini sisi wa Katavi? Yatuhusu sana. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na watu wake walijifunza mapema faida ya kusikilizwa hadharani. Na katika mkoa wetu huu, huko Katumba na Mishamo, wako maelfu ya watu ambao maisha yao yaliamuliwa katika vyumba ambavyo wao wenyewe hawakupata kuingia. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

BARUA KUPITIA KWA MSHITAKIWA

Baada ya vita kuu ya kwanza, Tanganyika iliwekwa mikononi mwa Waingereza chini ya Ushirika wa Mataifa uliokuwa Geneva. Ilisemwa kwamba mwenye nchi ni mlinzi tu, na kwamba atatoa hesabu ya ulinzi wake kila mwaka mbele ya Tume ya kudumu. Wenyeji nao waliruhusiwa kulalamika. Lakini sikilizeni jinsi ruhusa ile ilivyokuwa. Mwenyeji aliyekuwa na lalamiko ilimpasa kulipeleka kwa njia ya serikali ile ile aliyoilalamikia, nayo iliambatanisha maelezo yake kisha ndipo ikaipeleka Geneva. Mfanyakazi yuajua maana yake: ni sawa na kumkabidhi msimamizi barua ya kumshitaki msimamizi.

Tena mlalamikaji hakuruhusiwa kusimama mbele ya Tume akasema kwa kinywa chake. Mwaka 1926 Tume yenyewe iliuliza kama isingefaa mara nyingine kuwasikia walalamikaji. Wakubwa wenye makoloni walikasirika, na mwaka 1927 Baraza la Ushirika likaufunga mlango huo.

Huko Ulaya nako hali haikuwa nzuri. Baada ya vita ile nchi kadhaa, kama Poland, zilitiwa sahihi mikataba ya kuwalinda watu wachache waliomo ndani yake. Malalamiko yao yalichunguzwa na kamati ya wajumbe watatu wa Baraza, katika faragha. Kamati ikiona jambo halifai kufikishwa mbele, lilikwisha hapo hapo. Mlalamikaji hakupewa habari. Mwaka 1929, Baraza lilipokutana Madrid, walikubali kulegeza kidogo: mlalamikaji ataambiwa kama barua yake haikupokewa, idadi ya barua itachapwa kila mwaka, na matokeo yataweza kutangazwa iwapo serikali inayohusika itaridhia. Angalieni maneno hayo ya mwisho. Mshitakiwa ndiye aliyeulizwa kama hukumu isomwe!

MFANYAKAZI WA DUKA ALIYEISHITAKI DOLA

Hata hivyo, palikuwa na mahali pamoja ambapo mambo yalifanywa peupe, napo ndipo tunapopata fundisho. Katika jimbo la Silesia ya Juu, mkataba uliofanywa mwaka 1922 baina ya Ujerumani na Poland ulimpa mtu wa kundi dogo ruhusa ya kupeleka lalamiko lake moja kwa moja mbele ya Baraza.

Mwezi Mei mwaka 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, Franz Bernheim, Myahudi aliyekuwa mfanyakazi katika duka kubwa, alitumia mlango huo. Alikuwa amefukuzwa kazi kwa sababu ya uzawa wake. Alilalamika kwamba sheria mpya za Ujerumani dhidi ya Wayahudi zilivunja mkataba. Kwa kuwa mkataba ulidai jambo lake lizungumzwe na Baraza, lilizungumzwa mbele ya mataifa na waandishi wa magazeti. Mjumbe wa Ujerumani alilazimika kusema kwamba sheria za ndani haziwezi kuushinda mkataba, na kwamba kama kuna makosa, yalifanywa na watumishi wadogo. Kwa sababu hiyo sheria zile ziliondolewa katika jimbo lile, na Wayahudi wa huko wakapata nafuu mpaka mkataba ulipofikia mwisho wake mwezi Julai 1937.

Hatusemi kwamba lalamiko lile liliwaokoa Wayahudi wa Ulaya. Dunia yote yajua yaliyofuata. Lakini barua moja ya mfanyakazi mmoja, iliyosomwa hadharani, ilizuia kwa miaka minne katika jimbo moja dhuluma ambayo mahali pengine palipotawaliwa na wale wale haikuzuiwa hata siku moja.

WAMERU WALIVYOKWENDA NEW YORK

Baada ya vita ya pili Umoja wa Mataifa ulishika mahali pa Ushirika wa zamani, na Tanganyika ikawa nchi ya udhamini. Katika Hati ya Umoja huo, kifungu cha 87, Baraza la Udhamini lilipewa uwezo wa kupokea malalamiko ya wenyeji na kupeleka wajumbe kuitembelea nchi. Safari hii barua iliweza kwenda moja kwa moja. Ilipofika ilipewa namba na kugawiwa kwa wajumbe, na hati zote za Tanganyika zilikuwa na alama yao wenyewe. Na zaidi ya hayo, mlalamikaji aliweza kuitwa akasema.

Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili igawiwe kwa walowezi wenye mashamba ya ng'ombe. Wameru walilalamika kwa serikali, hawakusikilizwa. Ndipo walipochanga fedha, wakampeleka Kirilo Japhet kwenye Umoja wa Mataifa, pamoja na wakili Earle Seaton. Mwaka 1952 Mtanganyika yule mweusi alisimama mbele ya wajumbe wa dunia, akaeleza jinsi nyumba zilivyochomwa na watu kuhamishwa.

Je, walishinda? Hawakushinda kura. Katika Mkutano Mkuu azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili zilizotakiwa. Lakini Kirilo hakurudi mikono mitupu. Alijua nani alisema nini. Alijua ni taifa gani lilimwunga mkono na lipi lilimpinga. Alisikia majibu ya Uingereza kwa masikio yake, na maneno yote yaliandikwa katika vitabu vya mkutano. Akarudi nyumbani mwaka 1953, akazunguka akiwaeleza wananchi. Watu walioshindwa kwa uwazi walijua la kufanya baadaye. Miezi michache tu ilipita, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa.

Jambo hilo hilo lilitokea tena. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliotembelea Tanganyika mwaka 1954 waliandika kwamba nchi yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 au 25, pengine na mapema zaidi. Waingereza walichukizwa. Lakini taarifa ilikuwa imekwisha kuchapwa, na mwezi Machi 1955 Julius Nyerere aliweza kwenda New York kuizungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Lau taarifa ile ingekuwa siri baina ya Baraza na London, Mwalimu angekwenda kujadili nini?

Tuwe wa kweli: uwazi peke yake hautoshi. Katika miaka hiyo hiyo, kutoka Kamerun iliyokuwa chini ya Wafaransa, yalimiminika malalamiko makumi ya maelfu, hata Baraza likaelemewa na kuyashughulikia kwa mafungu. Barua ikihesabiwa kama gunia katika ghala, namba yake haimfai mwandikaji. Pamoja na hayo, mfano wa Wameru unasimama.

MLANGO ULIOFUNGWA TENA

Ni jambo la ajabu kwamba Umoja ule ule uliowapa watu wa nchi za udhamini sauti, uliwanyima watu wengine wote. Mwaka 1947 Tume yake ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba haina uwezo wa kuchukua hatua yo yote juu ya malalamiko ya haki za binadamu. Barua zilipokewa, zikaorodheshwa, basi.

Mwaka 1970 ukafanywa utaratibu mpya, ujulikanao kwa namba ya azimio lake, 1503. Hapo malalamiko yalianza kuchunguzwa, lakini kwa siri. Serikali iliyolalamikiwa ilipewa nakala na nafasi ya kujibu. Mlalamikaji alipewa stakabadhi ya kwamba barua imefika. Hakuliona jibu la serikali, hakuambiwa hatua iliyochukuliwa, hakujua kama shauri lake lilikuwa hai au limekufa. Kuanzia mwaka 1978 mwenyekiti alitaja majina ya nchi zilizochunguzwa, lakini si mambo yaliyosemwa juu yake. Utaratibu ulipogeuzwa mwaka 2007, chini ya Baraza la Haki za Binadamu, mlalamikaji alipewa haki ya kuarifiwa katika hatua zile kubwa. Hiyo ni hatua njema. Vikao vyenyewe hata hivyo vimebaki vya faragha.

Katika Afrika yetu tuna milango miwili. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, inafungwa na kifungu cha 59 cha Mkataba wa Afrika, kisemacho kwamba hatua zake zitakuwa siri mpaka Mkutano wa Wakuu wa Nchi uamue vingine. Yaani wakuu wa nchi, ambao serikali zao ndizo zinazolalamikiwa, ndio wenye ufunguo. Waendorois wa Ziwa Bogoria nchini Kenya walipeleka shauri lao huko mwaka 2003. Tume iliwapa haki mwezi Novemba 2009, lakini uamuzi ulingoja idhini ya Umoja wa Afrika mpaka Februari 2010 ndipo ukatangazwa.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Hiyo husikiliza mashauri hadharani na kusoma hukumu mbele ya watu. Shauri la Waogiek wa msitu wa Mau liliamuliwa huko tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ikaamuru walipwe fidia. Mwogiek, ajapokuwa bado anadai utekelezaji, anayo karatasi mkononi yenye sababu zote, naye aweza kumwonyesha mtu ye yote.

Yatupasa kuseme na lililo letu. Tanzania iliweka mwaka 2010 tamko la kuwaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo. Mwezi Novemba 2019 iliandika kuliondoa, ikisema kwamba tamko lilikuwa likitumiwa kinyume cha masharti iliyoyaweka, na mwaka uliofuata mlango ukafungwa. Serikali ina haki ya kulinda masharti yake. Lakini nchi iliyopata kuutumia mlango wa New York, ikapata heshima kwa sababu yake, yapasa kuwa ya kwanza kuona uchungu wa kuufunga mlango wa Arusha, ambao uko nyumbani kwake.

KATUMBA NA MISHAMO

Sasa turudi Mpanda. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi, wakavuka mpaka. Tanzania iliwapokea. Katumba ikafunguliwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, katika misitu iliyokuwa ya wilaya ya Mpanda. Walipewa ardhi, wakafyeka, wakalima, wakalipa kodi, wakazaa watoto ambao hawakupata kuiona Burundi. Wenyeji, Wabende na Wakonongo na wengineo, walikaa nao kama majirani. Hayo ni mambo ya kujivunia.

Kisha mwaka 2007 serikali yetu, ile ya Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walianza mpango wa kumaliza jambo hili. Wengi waliomba uraia wa Tanzania, na mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa. Ni tendo la ukarimu ambalo mataifa tajiri hayajalifanya kwa kiasi hicho. Lakini likafuata sharti kwamba wahame makazi yao, watawanywe katika mikoa mingine. Mpango ule ukakwama. Vyeti vya uraia havikutolewa, mpaka mwezi Oktoba 2014 Rais Kikwete alipoanza kuvigawa.

Fikirini miaka ile minne. Mtu si mkimbizi tena, kwa kuwa amekubaliwa kuwa raia. Wala si raia kamili, kwa kuwa hana cheti. Hajui ajenge nyumba ya matofali au asubiri lori la kumhamisha. Hajui apande miembe au mahindi tu. Mashauri juu yake yaendelea baina ya ofisi na ofisi, naye hana kikao ambacho angesimama akauliza: jambo langu limefika wapi, na nani amelizuia? Mmeru wa mwaka 1952, aliyekuwa chini ya mkoloni, alikuwa na Baraza la Udhamini la kumsikiliza mbele ya dunia. Mtu wa Mishamo wa mwaka 2012, katika nchi huru, chini ya mkono wa Umoja wa Mataifa ule ule, hakuwa nalo. Hapo hatumtafuti mtu wa kumlaumu. Tunaonyesha pengo lilipo.

JE, SIRI HAINA FAIDA?

Wako wasemao kwamba siri humlinda mlalamikaji, na kwamba serikali husema kwa uhuru zaidi zisipotazamwa. Neno la kwanza lina ukweli. Mnyonge aliyetaja jina lake aweza kuadhibiwa nyumbani. Lakini kulificha jina la mnyonge ni jambo moja, na kuificha kazi ya mkubwa ni jambo jingine.

Mfano uko hapa hapa nchini. Mwezi Juni 2023 wanavijiji wa karibu na Hifadhi ya Ruaha walipeleka lalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, juu ya mradi wa utalii wa dola milioni 150, wakidai kwamba watu walionewa na mifugo kukamatwa. Waliomba majina yao yafichwe, yakafichwa. Lakini lalamiko lenyewe liliandikishwa katika daftari lililo wazi, na taarifa za Jopo zikachapwa. Mwezi Aprili 2024 Benki ilisimamisha malipo, na mwezi Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Msomaji aweza kuwa na maoni yake juu ya mradi ule, nasi twajua kwamba hifadhi, hata Katavi yetu, ni mali ya taifa. Linalotuhusu hapa ni njia: majina yalilindwa, na kazi ikafanyika peupe. Basi yawezekana.

TUNALOTAKA

Kwanza, kila lalamiko lipewe namba na stakabadhi, na mwandikaji aambiwe ni nani analishughulikia. Pili, jibu la serikali lipelekwe kwa mlalamikaji, naye apewe nafasi ya kulijibu. Mahakama ya mwanzo ya kijijini hufanya hivyo, kwa nini Geneva ishindwe? Tatu, uwekwe muda, na muda ukipita itolewe sababu. Nne, uamuzi uchapwe pamoja na hoja zake, bila kungoja ridhaa ya mshitakiwa. Tano, mlalamikaji ajibiwe kwa lugha aijuayo. Umoja wa Afrika uliikubali lugha ya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Basi mzee wa Mishamo asihitaji mkalimani ili ajue hali ya maisha yake.

Na la mwisho ni letu sisi wenyewe. Katika matawi yetu, katika ofisi za vijiji na za vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, yamo makabati yenye barua. Nyingine zimeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari la shule, na mtoto wa mwandikaji ndiye aliyeshika penseli. Katibu akaweka mhuri wa kupokelewa, akatia katika faili. Tukitaka mataifa yawajibu wachache, yatupasa tufungue makabati hayo wiki hii, tusome barua moja moja, tuandike majibu. Hata kama jibu ni kwamba haiwezekani, na liandikwe, liwe na sababu, lipelekwe kwa mwenye barua.